Debe la Sita

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba pale bombani kwetu Temeke kuna watu wanaomwibia kipofu zamu. Sikusadiki, mpaka Jumatatu nilipoona mwenyewe.

Desturi yetu ni kupanga madebe kabla mlinzi hajafungua bomba. Debe lako ndilo linalokushikia nafasi. Yule mama asiyeona, anayekaanga maandazi, lake lilikuwa la sita. Alipokaa kando, mwanamke mwenye kanga mpya akalisukuma kwa mguu, polepole, hadi nyuma kabisa. Mama huyo akikosa maji kabla bomba halijafungwa, siku hiyo hakandi unga wala hauzi kitu.

"Yamejaa tisa," akasema ghafla yule mama asiyeona. "Langu liko wapi?"

"Makubwa! Kipofu naye ahesabu?" akajibu mwenye kanga.

"Debe likijaa hubadili sauti, bibi wee. Macho sina, masikio ninayo."

Watu wakacheka. Akaanza kupapasa kwa fimbo, debe hadi debe. "Nani ameona?" akauliza. Mimi niliona, lakini nikamwinamia mtoto wangu kana kwamba namfunga nguo. Mlinzi akafunga bomba.

Tulimwonea huruma sote, na huruma yetu haikumpa hata kata moja ya maji.

Kesho yake asubuhi nilipanga debe langu nyuma ya lake. Mguu ule ulipolisogelea tena, nikaweka wangu mbele yake, nikasema, watu wote wakisikia: "Liache, dada. Hilo lina mwenyewe, na mimi naona."