Siku Mama Alipopewa Kipaza Sauti

Nilizaliwa na kukulia katika kambi ya polisi hapa Kampala, ndani ya vile vibanda vya bati vya mviringo vinavyochoma mchana na kugandisha alfajiri. Baba alikuwa sajini. Yeye na Mama wote walitoka kaskazini, Baba Mwislamu, Mama Mkatoliki, na watu waliwashangaa kwa jinsi walivyoishi bila kugombana kuhusu dini. Siasa ndiyo iliyokuwa haramu kwetu. Habari zikianza redioni, Baba alinyoosha mkono akazima.

"Serikali ni mwajiri wangu," alisema. "Mtu hamsengenyi mwajiri wake ndani ya nyumba ya mwajiri."

Nilikuwa na miaka saba vita vilipokwisha mwaka ule wa themanini na sita. Polisi waliotumikia serikali iliyoanguka walipangwa mistari wakachujwa, na majirani zetu wengi walifunga magodoro wakaenda zao. Baba alichujwa mara mbili akabaki. Tangu hapo aliishi kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Mama naye alinyamaza, nami nikaamini kwamba hakuwa na la kusema.

Ninayosimulia yalitokea nilipokuwa nimekwisha kuwa mtu mzima. Nilikuwa nimepanga chumba Bwaise na nilikuwa nikisuka nywele katika saluni ya mama mmoja Mkenya, pale kando ya barabara ya Bombo. Alikuja Kampala kuuza viatu, viatu vikamshinda, nywele zikamkubali. Alipenda redio kuliko chakula.

Siku hizo kulikuwa na mtindo wa mijadala ya hadhara. Jumamosi alasiri kituo cha redio kilipanga meza na vipaza sauti katika baa ya wazi. Aliyetaka kusema alijiandikisha, akapewa dakika chache aeleze anavyoiona nchi, na maneno yake yakaenda hewani papo hapo. Wasemaji karibu wote walikuwa wanaume: wanafunzi wa chuo kikuu, mawakili wasio na kesi, watu wa vyama. Walisema Kiingereza kirefu kirefu. Sisi saluni tuliwasikiliza kama watu wanavyosikiliza mpira, tukiwacheka wanaokosea.

Jumamosi hiyo nilikuwa namsuka mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mwendesha mjadala akasema sasa anamkaribisha mama mmoja ambaye ameandika jina lake chini kabisa ya orodha na amesubiri wiki tatu bila kufikiwa. Tukasikia kipaza sauti kikikwaruza. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Mimi najua Kiswahili tu. Kiingereza yangu ni ya salamu."

Mwalimu alishtuka mpaka nywele zikaniponyoka mikononi.

"Wamepindua?" akauliza.

Sikumcheka. Watu wa rika lake walikuwa wamezoea kwamba Kiswahili redioni ni wanajeshi, na wanajeshi redioni ni serikali mpya. Mimi sikushtushwa na Kiswahili. Kilichonishtua ni sauti. Ilikuwa sauti iliyoniita kutoka kisimani, iliyonitibu surua, iliyosema rozari kwa kunong'ona ili isimsumbue Baba akiswali upande wa pili wa pazia. Nilisimama na kitana mkononi.

Mwendesha mjadala alijaribu kumwambia kwamba mjadala ni wa Kiingereza. Waliokuwa pale baa wakapiga meza: mwacheni aseme. Akaachwa.

"Mimi ni bibi ya polisi," Mama alisema. "Watoto yangu ni tano. Nyumba yetu ni bati, mvua inaingia. Sikuja kutukana mtu. Tangu vita iliisha tunalala, nashukuru kwa hiyo. Lakini mtu hawezi kula usingizi. Mnasema shule ni bure. Mtoto wangu wa mwisho anarudishwa nyumbani kwa sababu ya ufagio, kesho kwa sababu ya karatasi. Hospitali ni bure, nikienda naambiwa ninunue glovu ya daktari. Sasa bure ni ipi?"

Bosi wangu alikuwa anawatafsiria wateja kwa Kiganda, na kila sentensi aliiongezea chumvi. Wateja walikuwa wakiitikia. Mimi nilikuwa nikiomba Mama aishie hapo.

Hakuishia hapo.

"Mshahara wa mzee haifiki mwisho wa mwezi. Kwa hiyo natengeneza siagi ya karanga na simsim, naweka ndani ya kavera ya plastiki, nauza. Zamani nilikuwa nauza kwa nyumba za watu wa magari huko Naguru. Askari wa mageti wakanikataza. Nikaenda mjini kukaa kando ya barabara na wenzangu. Jumanne polisi walikuja kutufukuza. Tulikimbia. Karanga yangu ikakanyagwa. Nikageuka nione kama mwenzangu amefuata, na nikaona mzee wangu. Alikuwa na fimbo. Alikuwa anapiga mama mmoja kwa mgongo, yule mama ambaye alikuwa ameniazima kiti."

Bosi aliacha kutafsiri.

"Jioni nilimpikia," Mama aliendelea, sauti ile ile, kama anasimulia bei ya sabuni. "Alikula. Hakusema, na mimi sikusema. Sasa nauliza wakubwa. Mnamtuma mtu kupiga watu kwa sababu wanauza barabarani. Yeye mwenyewe anakula kwa sababu bibi yake anauza barabarani. Mnataka tule wapi?"

"Mama, mume wako anaitwa nani?" mwendesha mjadala akauliza.

"Jina la nini? Ni polisi. Wako wengi."

Makofi yakafunika maneno yaliyofuata, kisha ukapigwa muziki wa matangazo. Mwalimu alikuwa analia kimya kimya mbele ya kioo. Bosi alinigeukia.

"Huyu mama ako na roho," akasema. "Si nyinyi ni watu wa kambi? Humjui?"

"Kambi ni kubwa," nikajibu.

Mpaka leo jibu hilo linanichoma. Nilimaliza kichwa cha mwalimu vibaya, njia ya katikati imepinda, nikaaga kwamba tumbo linaniuma. Nilipanda bodaboda hadi kambini. Njia nzima nilijiambia labda Baba alikuwa lindoni, labda huko hakukuwa na redio.

Alikuwa chumba cha walinzi, na redio ilikuwepo. Wenzake walikuwa wakisikiliza mjadala kama sisi saluni. Sauti waliitambua, lakini hapakuwa na aliyemwangalia, wala aliyetoka. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia, akatembea hadi nyumbani. Haya nilikuja kuambiwa baadaye na mtoto wa jirani yetu.

Nilimkuta ameketi kitandani, buti miguuni. Mama alikuwa bado hajafika. Asubuhi alikuwa ameaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya, na Baba, ambaye hakujua kwaya inachukua saa ngapi, hakuwa na sababu ya kuuliza. Kumbe Jumamosi zote tatu Mama alikuwa ameketi katika ile baa na soda moja, akingoja jina lake.

Alipoingia alikuwa amevaa gomesi lake la Pasaka. Alituona sote wawili, akaweka mkoba chini.

"Mlisikia," akasema.

"Nilisikia," Baba akasema. "Kila ulichosema ni kweli, Mama watoto. Ndiyo maana hukutakiwa kukisema."

Nilitarajia apandishe sauti. Sikuwa nimewahi kumwona akimpiga, lakini siku ile nilisogea nikasimama katikati yao. Baba akanitazama kama vile nimemtukana. Kisha akamwambia Mama jambo ambalo lilinishtua kuliko yote niliyoyasikia redioni.

"Jumanne nilikuona."

Mama akakaa kwenye kigoda.

"Nilikuona kabla hujaniona," akaendelea. "Afande alikuwa nyuma yangu. Ulikuwa unaokota karanga badala ya kukimbia. Kama nisingempiga yule, angekuja afande mwenyewe, na wa kwanza mbele yake ulikuwa wewe. Nilipiga ili mkimbie."

Nje watoto walikuwa wakicheza na tairi.

"Yule mama hawezi kuinua mkono," Mama akasema. "Nilikwenda kumwona. Sikuweza kumwambia wewe ni wangu."

Baba akainama akaanza kufungua kamba za buti. Mama akaenda akapiga magoti akamfungulia. Sikujua niangalie wapi. Siku nne walikuwa wamekula sahani moja, kila mmoja akiwa na siri hiyo hiyo, na mimi ningeapa kwamba nyumba yetu haikuwa na siri.

Jumatatu Baba aliitwa kwa wakubwa. Waliketi watatu, mmoja kijana aliyevaa kiraia. Walimuuliza mke wake ni wa chama gani.

"Wa kwaya," Baba akajibu.

Walidhani anawafanyia mzaha. Hakuwa na mzaha, kwaya ndiyo pekee aliyoijua. Alipewa uhamisho kwenda kituo cha mpakani, huko mbali ambako hata basi halifiki kila siku, na familia ikaambiwa kufikia mwisho wa mwezi iwe imetoka kambini. Barua haikutaja redio. Ilisema "kwa mahitaji ya kazi".

Wanawake wa kambi waligawanyika kuhusu Mama. Wengine walimkwepa kisimani, na siwalaumu, kwa sababu nao walikuwa na nyumba za bati za kupoteza. Mmoja alimsuta wazi kwamba sasa wote watapekuliwa mikoba. Mwingine, mke wa koplo ambaye hatukuwahi kuzoeana naye, alikuja kutusaidia kufunga vyombo tangu asubuhi mpaka saa kumi. Alifunga, akaosha mikono, akaondoka.

Nilimsindikiza Baba kituo cha mabasi siku ya safari. Mama alikuwa ameagana naye nyumbani, maana hakutaka kulia mbele ya makonda. Tulikaa kwenye benchi tukala chapati. Nikamwomba radhi kwa jinsi nilivyosimama kati yao siku ile, akasema nilifanya vizuri. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kuzungumza siasa. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini, na sikuwa nimewahi kumsikia.

"Nimepigia saluti serikali nyingi kuliko watoto nilionao," alisema. "Kila inayokuja inasema iliyopita ilikuwa ya wezi. Mwanzoni nilikuwa nafurahi. Hii ya sasa nilifurahi kweli, kwa sababu askari wake walikuwa wanalipia maji wanayokunywa kwa watu. Niliona kwa macho yangu. Nikasema basi, tumepona. Sasa waliokuwa wanalipia maji wana magari, na mimi naambiwa nimfukuze mwenye karanga."

"Kwa nini hukuacha kazi?" nikauliza.

"Niache niwe nani? Najua kazi moja." Akakunja karatasi ya chapati. "Mama yako amesema dakika tano. Mimi nimenyamaza miaka ishirini na tano. Tumefukuzwa wote. Hapo ndipo naona nilikosea hesabu."

Basi likapiga honi. Nilikuwa nimemchukulia kama mtu asiye na mawazo, na kumbe alikuwa nayo siku zote, ameyakunja kama sare ya akiba. Ikanijia kwamba huenda mji mzima uko hivyo: walinzi, makarani, wauguzi, kila mtu na hotuba yake tumboni, wakizima redio kwa sababu ya nyumba wanamolala.

Mama na wadogo zangu wawili walihamia chumbani kwangu Bwaise. Mvua za mwaka ule zilituingilia mara mbili, tukapandisha magodoro juu ya meza tukangoja maji yapungue. Aliendelea kuuza siagi kando ya barabara ya Bombo, karibu na saluni, na huko nako walikuja kumfukuza, ila si watu tuliowajua. Watu wa mtaa walimtaka agombee kiti cha baraza. Alikataa. Alisema yeye aliuliza swali tu, na mtu aliyeuliza swali hawezi tena kuambiwa ajijibu.

Miaka michache baadaye ile mijadala ya hadhara ilipigwa marufuku. Sikushangaa. Nilichoshangaa ni jinsi saluni ilivyokuwa kimya Jumamosi alasiri, na jinsi tulivyozoea upesi, tukaweka nyimbo.

Baba alistaafu akiwa huko huko mpakani. Mama alimfuata, wakaenda kaskazini kujenga nyumba ya matofali kwenye shamba la babu. Nikienda kuwatembelea nawakuta barazani wakibishana kuhusu habari za saa moja, Mama anasema hivi, Baba anasema vile, na majirani wanapita wakiwacheka. Mimi hukaa pembeni nikiwasikiliza, na bado sijazoea.