Maharage ya Bondeni

Oktoba 1994, kijijini Ibaba, tulimzika mama. Wapishi wa msiba, bila kujua, wakapika mbegu yake yote ya maharage ya mlimani. Ilibaki mbegu ya bondeni tu, na bonde lenyewe lilikuwa la kuazima, mwenye nalo akalichukua tena.

“Dada, hii imezoea kulala majini kama chura,” mdogo wangu alisema. “Mlimani itakufa.”

Tukaipanda mlimani. Mvua ilipokatika, kila asubuhi nilikwenda shambani. Miche mingi ilinyauka. Michache ikasimama, ikazaa. Mavuno yake hatukuonja hata punje. Niliyachanganya na majivu ili yasibunguliwe, nikayatia kwenye kibuyu, nikakificha chini ya kitanda changu, mbali na jiko.