Shaba na Adhana ya Magharibi

Leo mbwa wangu kalala chini mbele ya ufito wa mwisho, kombe nishalinusa.

Sasa hivi ndipo naweza kuandika humu kundini.

Mnajua sisi wasasi, wawindaji wa Mtambile, tunavyoshindanisha mbwa, kuruka fito na kupenya kwenye tairi. Leo mbwa wa Wete alishaangusha ufito mmoja. Shaba wangu akimaliza bila kosa, tumeshinda.

Lakini watu walibishana na mwamuzi juu ya ufito ule mpaka jua likaanza kuzama, na mimi peke yangu nikihesabu dakika za magharibi.

Kila jioni tunafanya mazoezi uwanja huo huo. Ikiadhiniwa magharibi namlaza Shaba, naenda kusali, narudi namkuta pale pale. Siku hizi hata simwambii. Akisikia adhana tu, analala.

Tukaanza. Karuka wa kwanza, karuka wa pili, kapenya tairi. Nakimbia ubavuni kwake huku sikio liko msikitini.

Umebaki ufito mmoja. Spika ikakwaruza.

Allahu Akbar.

Shaba kalala.

Nikapiga magoti. "Inuka baba, nakuomba." Ananitazama kama mimi ndiye niliyekosea.

Mzee Faki, ambaye tangu nifuge mbwa hapiti mlangoni kwangu, akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwache huyo. Inuka wewe, tukasali."

Kombe limekwenda Wete. Na nyinyi mnaonicheka humu, nilikuoneni: hata mmoja wenu hakuinuka.