Deki Mbili na Waya Mmoja

Ipo siku moja ya kule Msambweni ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ingawa tangu hapo nimezunguka miji mingi na mengi nimeyasahau. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Mimi na Kioko, kijana wa Machakos aliyekuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, tulikuwa tukitengeneza rimiksi. Tulirekodi ngoma ya sengenya harusini, kisha tukaichanganya na midundo ya disko. Yeye alikuwa na deki yake ya kanda, mimi yangu. Moja ikicheza, nyingine ikirekodi. Vijana wa Ukunda walikuwa wameanza kutujua.

Tukagombana kwa jambo dogo. Mwanzoni mwa kila wimbo tuliweka sauti ya kuwataja watengenezaji, na kila mmoja alitaka jina lake litangulie. Nikabeba deki yangu, nikarudi kwa bibi yangu Msambweni. Na Jumamosi ya wiki hiyo tulikuwa tumeahidi kupiga muziki katika harusi ya binti wa msimamizi wa disko la hoteli. Akipendezwa, angetuajiri.

Bibi alinitazama nikibonyeza vitufe tangu asubuhi.

"Bakari, hicho kinachanganya nini, na kiko peke yake?"

"Hakichanganyi, bibi. Kinacheza tu."

"Basi umekuja kunipigia redio! Redio ninayo, na haili wali wangu."

Nilicheka, yeye hakucheka. "Mwenzio yuko mbali na kwao, hana bibi wa kumwambia haya. Nenda wewe. Na ukifika, usianze na jina lako."

Nikaifunga deki kwa leso yake, nikaenda. Nilimkuta Kioko nyuma ya hoteli akianika mashuka. Hata salamu hakunipa.

"Umekuja na waya?"

Waya wa kuunganisha deki ulikuwa mmoja tu, nami nilikuwa nimeondoka nao bila kukusudia.

"Ninao."

"Buda, nimeutafuta mpaka ndani ya mashine ya kufulia!"

Tukacheka hadi shuka likaanguka mchangani. Jioni hiyo nikashika kipaza sauti, nikasema, "Kioko na Bakari." Akaninyang'anya, akasema, "Bakari na Kioko." Tukayaacha yote mawili kwenye kanda.

Harusini walioinuka kwanza walikuwa kina mama wa makamo, kisha vijana wa hoteli wakawafuata, na yule msimamizi akatuita sote wawili. Kazi ile ilitulisha miaka mingi. Tulipiga Kombani, tukapiga hadi Vanga, mpaka kompyuta zikazipita deki zetu. Kioko alirudi kwao; mimi bado natangatanga. Lakini akinipigia simu huanza vilevile: "Waya unao?"

Kwa hiyo, mwanangu, ukimpata mtu wa kufanya naye kazi, usikae ukipima jina la nani limesikika zaidi. Mkikosana, funga safari wewe, hata kama unaona haki iko upande wako, na umtaje yeye kwanza. Mungu awape kazi itakayowainua watu msiowajua, awape na kicheko katikati ya kazi, na siku mtakapogombana, mmoja wenu awe ameondoka na waya.