Mirongo Yote Inanilisha

Daktari Mzungu aliniamuru nipunguze mwili. Mke wangu Veronika akaanza kunipimia ugali kama dawa. Nilipopungua kidogo tu, majirani wakadhani nateswa. Kila mlango hapa mtaani Mirongo: “Pole, baba, umekwisha! Ingia ule.” Ningekataaje chakula cha watu? Nikala, mjinga mimi, halafu nyumbani nikalalamika njaa.

Jana majirani wakaja kwetu na beseni la samaki, sato. Mzee Sefu akamkabili mke wangu: “Mwanangu, Uhuru tumepata, wewe bado unamtawala mumeo kwa njaa? Mchana anakula kwangu, jioni kwa Hamisi. Mpe chakula!”

Veronika akanigeukia polepole. “Kumbe mimi nakupunguza, wenzangu wanakujaza?”

Nikafungua mdomo nijitetee. Ikatoka mbweu.