Kifurushi Kilichobaki Beni

Kompyuta ya secrétariat yangu, kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, ilikuwa na Windows mpaka wateja walipoimaliza kwa virusi. Kila mmoja anakuja na flash yake, huyu anataka barua ya kuomba kazi, yule anataka picha ya marehemu ikuzwe, na kila flash inaacha ugonjwa wake. Mdogo wangu wa kiume, anayesoma informatique, mambo ya kompyuta, chuoni Beni, aliiondoa Windows yote akaweka Linux. Virusi vikaisha, nami nikazoea. Niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, wazazi walipokufa, na ninachojua kuhusu mashine nimejifunza nikiwa na mteja amesimama nyuma ya bega langu.

Shida ilikuja mwisho wa mwaka wa shule. Shule moja upande wa Rughenda ilikuwa imetengenezewa programu ya bulletins, ripoti za matokeo ya wanafunzi, na programu ile inafanya kazi kwenye Windows tu. Préfet, mkuu wa shule, alitaka nizichape zote kabla ya siku ya kutangaza matokeo. Nikampigia mdogo wangu. Akasema hakuna haja ya kurudisha Windows; kuna vifurushi vya kuweka ndani ya Linux, vinaitwa Wine, vinavyoipokea programu ya Windows na kuifanya idhani iko kwao. Ila ni vizito, na kila kimoja kinadai kingine kabla ya kukubali kuingia. Kwa simu yangu vingekula mega zote. Yeye angevishusha chuoni, kisha anitumie.

"Utume na chauffeur," nikamwambia. "Wewe bakia kule."

"Nimesikia, yaya," akajibu; yaya kwetu ni mkubwa wako, wa kike au wa kiume.

"Sema hautakuya."

"Sitakuya. Nikuye kufanya nini, kukula lengalenga yako ile ya chumvi mingi?"

Nilikuwa na sababu ya kusisitiza. Baba yetu aliondoka asubuhi moja kwenda kuangalia kakao yake upande wa Beni. Kilichorudi ni habari kwamba wenye bunduki wamemuua. Mama naye hakuumaliza mwaka ule. Tangu hapo nyumbani kwetu tunatuma vitu, hatutumi watu. Iwe unga, iwe viatu, unafunga vizuri, unampa dereva wa teksi, na wa upande wa pili anasubiri kwenye parking. Wengi hapa wanaishi hivyo.

Teksi ilifika saa nane mchana. Dereva akatoa flash kwenye mfuko wa shati, imefungwa ndani ya kipande cha plastiki.

"Mama Secrétariat, ni hii tu? Nilifikiri ni kuku."

"Kuku angekuchafulia gari."

"Hii hata uzito hapana. Kidogo tu bibi yangu angeifua na shati. Mudogo wako alinipatia nikiwa nimeshawasha moteur. Alikuya mbio, anahema."

Nilicheka naye, nikarudi kwenye kibanda changu. Jua lilikuwa kali na panneau ya sola ilikuwa inachaji vizuri. Nikaandika amri aliyonifundisha, nikaweka neno la siri, mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Ilishuka, ilishuka, kisha ikasimama. Mashine iliniambia kwa Kifaransa kwamba kifurushi kimoja kinategemea kingine, na hicho kingine hakijawekwa. Nikakitafuta kwenye flash. Hakikuwapo. Kilikuwa kile cha programu za zamani, za biti thelathini na mbili, na programu ya bulletins ni ya zamani. Bila hicho, vilivyobaki havikuwa na kazi.

Nikampigia mdogo wangu ili akitume kesho yake na gari lingine. Simu yake haikupatikana. Nikapiga tena. Kisha nikampigia mama mwenye nyumba anayompangisha chumba kule Beni, commune ya Ruwenzori.

"Huyo? Aliondoka na moto, na pikipiki ya kukodi," akasema. "Kuna kitu ilikuwa haijamaliza kushuka wakati chauffeur alipiga klaksoni. Ilipomaliza, akaiweka mu simu, akasema atamukamata chauffeur mbele, ku barrière, pale basoda ba jeshi banasimamisha magari. Hajamufikia?"

Nilimwambia hajamfikia. Akasema atamwombea.

Sikuwa nimeweka simu chini bado wakati fundi wa cherehani, jirani yangu wa kibanda, alipoingiza kichwa mlangoni.

"Umesikia? Magari inarudi. Banasema masasi ya bunduki inalia ku barabara."

Jina la kile kifurushi lilikuwa bado kwenye skrini, herufi nyeupe juu ya nyeusi. Nilijaribu kufunga kompyuta, vidole vikagonga vitufe vingine. Mteja aliyekuja kwa photocopie aliniangalia, akachukua karatasi zake, akasema atarudi.

Nilienda parking. Yule dereva alikuwa bado pale, amekaa kwenye buti ya gari lake na wenzake. Aliponiona aliteremka. Hakuniita Mama Secrétariat.

"Dada, mimi sikumuona," akasema. "Ningemuona ningesimama."

"Ulisimama ku barrière?"

"Kidogo tu. Basoda balituambia tupite mbio."

Nilisimama pale mpaka parking ikaisha watu. Nyumbani, mdogo wetu wa mwisho alikuwa amepika. Aliniuliza kwa nini simu ya yaya wa Beni haiiti; nikasema betri. Najua hakuniamini, kwa sababu kabla ya kulala aliomba kwa sauti akamtaja mara nyingi. Mimi sikuweza kuomba. Nilisema amina tu. Niliogopa kwamba nikianza kuongea na Mungu nitamwambia habari ya Baba, na kwamba nikiitamka kwa mdomo wangu itakuwa kweli mara ya pili.

Asubuhi nikarudi parking. Barabara ilikuwa imefunguliwa. Niliangalia kila mlango wa gari unaofunguka, na kila aliyeshuka nilimchukia kidogo kwa kuwa si yeye. Baadaye likaja lori la mbao. Alishuka kwa nyuma, matope mpaka magotini, mguu mmoja hauna sandali.

Sikumkumbatia. Nilimshika mkono juu ya kiwiko na sikuuachia mpaka nyumbani. Njiani alinieleza. Waliposikia risasi, mwendesha pikipiki aliitupa kwenye mtaro, wakaingia kwenye migomba na abiria wa magari mengine, wakazima simu ili zisilie. Mvua ikawanyeshea humo. Giza lilipoingia walitembea mpaka kanisani, mlinzi akawafungulia. Simu yake ilikuwa imeingia maji, na za wengine hazikupata mtandao.

Alioga, akakaa kula. Kisha akatoa kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu aliyokuwa ameificha ndani ya mkanda, akaiweka mezani mbele yangu.

"Iko hapa, yaya. Ile ya mwisho."

"Uliniambia hautakuya."

"Lakini préfet anangojea. Kama sikuileta, ungeitoa wapi?"

"Ningeikosa."

Alicheka, akidhani namtania. Kisha akaniangalia, akaacha.

"Ningeikosa," nikasema tena. "Préfet angetafuta mutu mwingine. Wewe ungelala mu chumba yako."

Mdogo wetu wa mwisho alisimama mlangoni na sufuria, hajui kama aingie. Yule wa Beni alikwangua bugali iliyobaki kwenye sahani yake.

"Siku ya kwanza niko na examen," akasema polepole.

Siku ya kwanza ni Jumatatu, na barabara ya kurudi Beni ni ile ile. Nilimwongezea bugali, kisha nikatoka nyuma ya nyumba, nikajifanya naanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.