Maziwa Mekundu ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu ni fundi rangi. Nilikaribia kuandika "alikuwa".

Tangu nizaliwe namjua akinukia rangi. Makabati, vitanda, milango, vyote vimepita mikononi mwake. Mwaka jana kifua kikaanza kumbana, hata kucheka kukawa kunamletea kikohozi. Daktari akamsikiliza mgongoni, akasema kinachomuumiza ni harufu ya rangi ya mafuta, basi achague: brashi au pumzi. Mama akamfariji mdogo wake kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

"Koleo liko salama, dada," akajibu. "Kilichovunjika ni kifua cha mhunzi."

Mwezi mzima alishinda kwetu akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mjomba akamwandalia nafasi dukani kwake, akapime sukari na kukata sabuni. Mama mdogo akatoa sharti moja: apate kazi moja tu ya kupaka rangi isiyo na harufu. Mwenye kazi akiikataa, atakwenda dukani bila kununa.

Rangi hiyo aliisikia kwa seremala jirani, ambaye tunamwita Nusu Futi kwa ajili ya kimo chake. Alisema bwana aliyemfundisha useremala alikuwa akipaka viti kwa maziwa. Tulidhani ni utani wake wa kila siku. Safari hii haukuwa.

Basi jiko letu likageuka karakana. Maziwa yanaenguliwa malai yote, yanatiwa siki, yanakatika mabonge. Mabonge yanachujwa kwa kitambaa na kuoshwa, kisha yanachanganywa na chokaa iliyozimwa kwa maji. Hapo ndipo nilipotoa macho: mabonge yanayeyuka yenyewe, yanakuwa uji unaonata kama gundi. Unatia udongo mwekundu uliochekechwa, una rangi. Uitumie siku hiyohiyo, maana ikilala, hata paka anaihama.

Mara ya kwanza mama mdogo alikuwa mvivu wa kuengua malai, rangi ikateleza juu ya ubao na kukataa kushika. Mara ya pili alitaka njano, akatia manjano ya jikoni. Ilipokutana na chokaa ikawa nyekundu mbele ya macho yetu.

"Unapika rangi au unaroga?" Nusu Futi akauliza dirishani, vidole vikiwa vimeshika kizingiti.

"Shuka hapo kwenye ndoo, utaanguka," mama mdogo akamwambia.

Wiki hiyohiyo akapiga simu mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili. Nusu Futi alikuwa amemtengenezea viti vidogo ishirini, mbao tupu, naye alitaka vipakwe rangi ya maziwa. Mama mdogo aliweka simu mezani taratibu.

"Ameitaja mwenyewe," akasema. "Kumbe watu wanaijua."

Akapaka kumi vyekundu kwa udongo, kumi vya buluu kwa buluu ya kufulia nguo, akavisugua kwa nta ya nyuki mpaka vikawa laini kama ganda la yai. Alifanya kazi hiyo akiimba. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba vibaya.

Mwalimu mkuu alikuja kesho yake asubuhi. Akasimama mlangoni.

"Hivi ni nini?"

"Rangi ya maziwa, Mwalimu."

"Mimi niliagiza rangi ya maziwa."

"Ndiyo hiyo."

"Maziwa mekundu umeyaona kwa ng'ombe gani, mdogo wangu?"

Nusu Futi aliinama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nikaelewa, na mama mdogo akaelewa. Mwalimu alitaka weupe wa maziwa, basi. Maneno mamoja, rangi mbili.

"Kosa ni langu, sikuuliza," mama mdogo akasema. "Na kwa kuwa nimeshavitia nta, rangi nyingine haitashika juu yake." Sauti yake ilikuwa imeshafika dukani kwa mjomba, inapima sukari. Akamweleza maziwa, siki, chokaa, kila kitu.

Mwalimu akainama, akanusa kiti. Akanusa kingine.

"Umepaka lini?"

"Jana."

"Jana ipi? Sisi mwaka jana tulipaka madawati, watoto wakasomea uani siku tatu, wanakohoa." Akatoa leso nyeupe, akasugua kiti chekundu kwa nguvu. Leso ikabaki nyeupe. Kisha akakaa kwenye kile kiti, magoti yakamfikia kidevuni, akatulia hapo akitazama vile vya buluu.

"Ukutani je, inashika?"

"Ukuta uliopakwa mafuta, hapana, itabanduka. Lipu tupu, inashika sana."

"Nina darasa jipya. Lipu tupu." Akajaribu kuinuka, kiti kikainuka naye. Nusu Futi akaja kukivuta, akisema hivyo ndivyo rangi yetu inavyoshika.

Mama mdogo safari hii hakufanya kosa. "Ukuta upakwe rangi gani, Mwalimu?"

"Rangi ya maziwa."

"Ipi?"

Mwalimu akamtazama, kisha akaanza kutabasamu.

"Zote mbili."

Mama mdogo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi na mama tukatazamana, tukisubiri kikohozi. Hakikuja.